Kuhesabu siku za Pasaka na watoto: mnyororo, ngano na kopo la Aleluya

Ukimwambia mtoto mdogo kwamba Pasaka imebaki wiki sita, hujamwambia kitu. Anataka kuona kitu kikipungua au kikikua, na akiguse kwa mkono wake. Ndiyo maana mnyororo wa karatasi, unaochanwa kipande kimoja kila siku, humfaa kuliko kalenda ya ukutani.

Kosa kubwa huwa kwenye hesabu. Watu wengi hukata vipande 40 kwa kuwa Kwaresima ni siku 40, halafu mnyororo unakwisha Jumapili ya Matawi, wiki nzima kabla ya Pasaka, na mtoto anaona kadanganywa. Tangu Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, hadi Jumamosi Kuu, siku moja kabla ya Pasaka, ni siku 46. Jumapili sita zilizomo hazihesabiwi katika mfungo, maana kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko. Basi kata vipande 40 vya zambarau na 6 vyeupe. Anza na zambarau 4, kisha cheupe 1 na zambarau 6, ukirudia hivyo mara sita. (Waorthodoksi huanza mfungo Jumatatu, na hesabu yao ni nyingine.) Tazama tarehe mapema kwa kuwa huhamahama: mwaka 2027 Majivu ni 10 Februari na Pasaka 28 Machi, mwaka 2028 ni 1 Machi na 16 Aprili.

Karatasi moja ya A4 hutoa vipande 9 vya sentimita 3 kwa 21, kwa hiyo karatasi 5 za zambarau na 1 nyeupe zinatosha. Gundi ya maji huachia mnyororo ukining'inia. Bana kwa stepla. Kabla ya kubana, andika upande wa ndani tendo la siku lisilozidi dakika kumi: kumpigia bibi simu, kumwombea mgonjwa kwa jina lake, kugawa kitu anachokipenda. Matendo makubwa huahirishwa, na yakishaahirishwa siku tatu mfululizo mnyororo unabaki pambo tu. Kama watoto ni zaidi ya mmoja, weka herufi ya jina kwenye kila kipande, vinginevyo kila jioni ni ugomvi wa nani achane. Chaneni kuanzia chini, penye zile zambarau 4 za mwanzo.

Ngano ipandwe siku tisa au kumi kabla ya Pasaka. Ukiipanda siku ya Majivu, ikifika Pasaka imeshalala na kuwa ya manjano. Tumia ngano nzima isiyokobolewa, na isiwe mbegu iliyopakwa dawa, kwa sababu mikono ya watoto itaishika. Iloweke usiku kucha. Asubuhi imwage juu ya udongo wenye kina cha sentimita 3 kwenye sahani isiyo na kina, punje zikikaribiana, kisha zikandamize kwa kiganja bila kuzifukia. Funika kwa kitambaa kibichi siku mbili, halafu weka penye mwanga. Maji yakituama, punje huota ukungu na kunuka. Nyunyiza kidogo asubuhi na jioni, usimwage. Siku ya kupanda msomeeni Yohana 12:24, Yesu anapoizungumzia chembe ya ngano inayoanguka ardhini. Mtoto aliyezibonyeza punje mwenyewe hahitaji maelezo marefu.

Makanisa mengi ya Magharibi, kama Katoliki na Anglikana, hayaimbi Aleluya wakati wa Kwaresima. Nyumbani, watoto waliandike neno hilo kwa herufi kubwa, walipake rangi zote walizonazo, kisha lifungiwe ndani ya kopo na kufukiwa au kufichwa kabatini jioni ya kuamkia Majivu. Karatasi ikifukiwa bila kopo huoza, na pasipo alama juu ya udongo hamtaliona tena.

Aliye chini ya miaka mitano hawezi kubeba siku 46. Mwanzishie Jumapili ya Matawi, vipande saba tu. Na Ijumaa Kuu mwambie wazi kwamba Yesu alikufa. Usimrukishe haraka hadi Jumapili. Siku hiyo na Jumamosi acheni nyumba iwe na utulivu, hata redio ipunguzwe.

Alfajiri ya Pasaka, kabla ya chai, mdogo kuliko wote ndiye afungue kopo. Karatasi ya Aleluya isimamishwe katikati ya majani ya ngano, mezani, pale kila mtu atakapokaa kula.