Re: Mama amechomwa leza kwenye jicho kwa ajili ya kisukari, arudi lini shambani?

Pole kwa kuuguza, dada. Ukungu anaouona mama si lazima uwe hatari. Zile dawa za kutanua mboni huchukua saa kadhaa kuisha, na leza yenyewe inaweza kuacha jicho na ukungu siku chache, hata zaidi. Miwani ya jua imsaidie. Kichwa kikimgonga, panadol kwa kawaida inatosha.

Kazi nyepesi aanze akijisikia vizuri. Jembe na ndoo kichwani muulizeni kwanza daktari, hasa kama aliambiwa kuna damu ndani ya jicho.

Hilo la jirani kwamba asipande gari kutoka Tukuyu kwenda Uyole kwa sababu ya mlima, linawahusu waliofanyiwa upasuaji na kuwekewa gesi ndani ya jicho. Gesi hutanuka ukipanda juu, presha ya jicho ikaongezeka. Kama ni leza tu, apande basi bila wasiwasi.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: leza ya kisukari hulinda uoni uliobaki, mara nyingi hairudishi uliopotea. Tena inaweza kupunguza kuona gizani na pembeni. Kwa ukungu wa huko Rungwe, asitembee usiku bila tochi, na bodaboda zinazotokea ubavuni azitazame kwa kugeuza kichwa.

Akiona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, kivuli kama pazia, au maumivu makali, mpelekeni siku hiyohiyo, msingoje kliniki. Sukari na presha zake zikoje?