Usiku wa Frankfurt na utulivu niliotoka nao Tabora

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Umewahi kucheleweshwa na treni ukiwa nchi ya watu, na ulijinasuaje?" Nimewahi, na ninaamini kwamba kilichoniponza usiku ule si treni peke yake, bali pia utulivu niliotoka nao nyumbani.

Nimekulia jirani na stesheni ya Tabora. Reli iliufikia mji wetu mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na hadi leo hapa ndipo abiria wa Mwanza na wa Kigoma wanapoachana. Mtoto wa hapa hujifunza mapema kungoja treni. Maji yakikata tuta kule Kilosa, au kichwa cha treni kikiharibika porini, watu hutandika kanga na mikeka, mwenye karanga hufungua mfuko wake, mwenye kichanga hupishwa mahali pa kumlaza, na habari ikipatikana aliyeisikia kwanza huwatangazia wengine. Hakuna anayehangaika kumfuata mkuu wa stesheni, kwa sababu ukikaa na watu utajua. Ni malezi mema, nami sitayakana.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilikuwa Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi ya miezi mitatu. Ijumaa moja jioni nilipanda treni Göttingen kwenda Saarbrücken, huku nikitakiwa kubadilisha Frankfurt. Kabla ya kufika huko treni ilisimama gizani, na ikatangazwa kwamba mitambo ya ishara ilikuwa na hitilafu. Nikajifunika mtandio, nikangoja. Niliwaona wenzangu wakiinuka mmoja mmoja kuelekea behewa la mbele, nikadhani wanafuata chai mgahawani. Kumbe walikuwa wakimfuata mkaguzi wa tiketi, naye alikuwa akimwandikia kila mmoja uthibitisho wa kuchelewa na kuorodhesha waliohitaji mahali pa kulala.

Tulipoingia Frankfurt treni ya mwisho ya kwangu ilikwisha kuondoka. Foleni ya dirisha la huduma ilizunguka nguzo mbili, na wenye karatasi walihudumiwa haraka wakaenda zao hotelini. Dirisha lilifungwa nikiwa na watu sita mbele yangu. Nilikaa hadi alfajiri kwenye kiti cha chuma chenye matundu, baridi ikipenya hadi kwenye mbavu, begi nimelikumbatia, na sikuwa na hata kipande cha mkate, mimi ambaye Tabora nisingepanda treni bila chakula.

Mwenyeji wangu aliponieleza haki zangu, niliona uchungu zaidi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Juni 2023 zinasema kwamba ukifika mwisho wa safari umechelewa kuanzia dakika 60, unaweza kudai robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 unaweza kudai nusu. Ikionekana tu kwamba utachelewa saa nzima au zaidi, una hiari ya kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine. Chakula na kinywaji hutolewa kwa kadiri ya muda wa kungoja, na ikibidi kulala njiani, hoteli nayo hutafutwa. Fidia ya fedha inaweza kukataliwa kwa sababu kama hali ya hewa iliyopita kiasi, lakini huduma ya chakula haiondoki kwa sababu hiyo. Madai hupelekwa ndani ya miezi mitatu. Nilijaza fomu, tukaandika akaunti ya mwenyeji kwa kuwa yangu ni ya Tanzania, na nusu ya nauli ikarudi.

Jambo ambalo wasafiri wengi kutoka kwetu hawalijui ni namna ya kununua tiketi. Haki ya kuunganisha hulindwa vizuri pale safari nzima inapokuwa kwenye tiketi moja; ukinunua vipande viwili mbalimbali kwa kufuata unafuu, huenda ukaikosa treni ya pili na hasara ikawa yako. Huko Ujerumani, tena, tiketi ya bei nafuu hukufunga kwenye treni moja tu, lakini ikitarajiwa kwamba utafika umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho huondoka na unaweza kupanda treni nyingine. Laiti ningeuliza pale gizani, ningepangiwa njia mapema. Kwa anayewahi ndege ninasema kwa msisitizo: tiketi ya treni iliyonunuliwa peke yake hailindi ndege yako, basi fika mji wa uwanja siku moja kabla.

Hata Japani, ambako uchelewaji ni nadra, kampuni za reli hutoa hati ya kuthibitisha kwamba treni ilichelewa, mfanyakazi akampelekee mwajiri wake. Karatasi hiyo ina thamani, nayo hupewa anayeiomba.

Binti wa dada yangu anaondoka mwezi ujao kwenda masomoni Ujerumani. Nimemfungia karanga na chupa ndogo ya asali ya hapa kwetu, na ndani ya jalada la pasi yake nimebandika karatasi yenye maswali matatu ya kumwuliza mkaguzi treni ikisimama tu: Je, nitaiwahi treni ya pili? Je, naruhusiwa kupanda nyingine? Je, utaniandikia uthibitisho?

Msomaji wenu,
Muuguzi, Tabora