Mafuta ya Mgando na Moyo: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mpendwa Mshauri wa Lishe, salamu nyingi. Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Tanga, na kwa miaka 11 sasa ninajikimu kwa kuuza maandazi na chapati asubuhi karibu na kituo cha daladala. Unga ninaukanda kwa mafuta ya mgando, kwa kuwa yale ya maji hayanipi andazi laini linalofika jioni bila kukauka. Mwezi uliopita mume wangu alipimwa akaambiwa kuwa lehemu (kolesteroli) katika damu yake iko juu. Mteja mmoja aliposikia habari hiyo aliniambia mbele ya watu kwamba mafuta yangu yana kitu kinachoitwa transi, na kwamba ninawaua wateja polepole. Kopo langu limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mafuta hayo hayana lehemu. Nani mkweli, kopo au mteja?

JIBU: Dada yangu, kopo halisemi uongo, lakini halijajibu ulichoulizwa. Lehemu tunayoila hutokana na wanyama. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya pamba, ya karanga au ya mawese, hayana lehemu ya kutajika, kwa hiyo kuyasifu kwa jambo hilo ni sawa na muuza maji kutangaza kwamba maji yake hayana mifupa. Sehemu kubwa ya lehemu inayoleta matatizo katika mishipa hutengenezwa na ini letu wenyewe, na aina ya mafuta tunayokula ndiyo inayochangia kuamua ni kiasi gani kitabaki kikizunguka katika damu.

Ili ulielewe hilo neno transi, fikiria mzigo wa kuni. Matawi yaliyopinda hayafungiki yakabana, huacha mianya, na hata ukaze kamba namna gani mzigo hulegea. Fito zilizonyooka hulaliana vizuri na mzigo ukawa mgumu kama gogo moja. Mafuta nayo yameundwa kwa minyororo midogo sana isiyoonekana kwa macho. Minyororo ya mafuta ya maji imepinda, ndiyo maana mafuta hayo humiminika. Ya samli na ya mafuta ya ng'ombe mingi imenyooka, ndiyo maana huganda. Mwaka 1902 mkemia wa Kijerumani, Wilhelm Normann, alipata hataza ya njia ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyapasha moto na kuyapitishia gesi ya haidrojeni, huku madini ya nikeli yakitumika kama kichocheo. Kazi hiyo ikifikishwa mwisho, mafuta huwa magumu kama nta na transi haibaki ila kidogo mno. Lakini nta haipakiki kwenye mkate wala haikandiki kwenye unga, kwa hiyo viwanda viliizoea desturi ya kuikatiza kazi katikati, na ni katika hali hiyo ya nusunusu ndipo baadhi ya minyororo, badala ya kupokea haidrojeni, hugeuka umbo tu na kunyooka. Hiyo iliyonyooka kwa njia hiyo ndiyo mafuta ya transi. Yalipendwa kwa sababu ya urahisi wa bei, yalikaa muda mrefu bila kunuka, na yalimpa mwokaji kile kile unachokitafuta wewe katika andazi lako.

Ubaya wake ulithibitishwa vizuri mwaka 1990, pale watafiti wawili wa Uholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, walipowalisha watu wenye afya vyakula vilivyopimwa na kuilinganisha damu yao. Waliokula transi walipanda ile lehemu inayojijenga katika kuta za mishipa, ambayo madaktari huiita LDL, na papo hapo wakashuka ile inayosaidia kuiondoa, yaani HDL. Mafuta ya samli au ya nazi huipandisha ya kwanza, lakini hayaishushi ya pili. Transi hufanya yote mawili, na hapo ndipo inapoyazidi mafuta mengine kwa madhara. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kila asilimia 2 ya nishati ya siku inayotoka kwenye transi huandamana na ongezeko la asilimia 23 hivi la ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 2 ni kama gramu 4 na nusu, yaani kijiko kimoja cha chai. Shirika la Afya Duniani linashauri tusifike hata nusu ya kijiko hicho.

Sasa tulirudie kopo. Kuganda peke yake si ushahidi, na hapo mteja wako alikukosea, mbali na utovu wa adabu wa kukusema hadharani. Mafuta mengi ya mgando yanayouzwa Afrika Mashariki msingi wake ni mawese yaliyosafishwa, na mawese huganda nusu yenyewe bila kuguswa na haidrojeni. Ligeuze kopo usome maandishi madogo ya viambato. Mara nyingi yatakuwa kwa Kiingereza: ukikuta maneno "partially hydrogenated", hayo ni yale ya kukatizwa katikati, na ushauri wangu ni kwamba usinunue tena. Ukikuta mawese peke yake, transi si hofu yako, ingawa karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina iliyonyooka kwa asili, ambayo nayo hupandisha LDL yakizidi. Usipokuta orodha yoyote, kama ilivyo kwa mafuta yanayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa dukani, huna njia ya kujua, na mimi binafsi nisingeyakandia.

Kuhusu ulaini, wewe ni mtu wa Tanga na sina haja ya kukufundisha tui. Mahamri ya Pwani yamekandwa kwa tui na iliki tangu zamani za bibi zetu, kabla kopo la mgando halijafika dukani. Tui lina mafuta mazito pia, yaani yale ya minyororo iliyonyooka kwa asili, kwa hiyo si dawa, lakini halina transi na hukuwezesha kupunguza mgando. Chapati hukubali mafuta ya alizeti bila shida ukiupumzisha unga nusu saa kabla ya kusukuma.

Watu wengi huniuliza pia kama mafuta ya maji hugeuka transi yakichemka mara nyingi karaini. Hugeuka, ila kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na yale ya kiwandani. Tatizo kubwa la karai ni jingine: mafuta yaliyopikiwa siku nyingi huungana na hewa, huwa meusi, hutoa povu na huanza kufuka moshi kabla hayajapata moto wa kutosha, na katika hali hiyo huwa yamejaa mabaki yasiyoufaa mwili. Yachuje kila unapomaliza, yafunike, na ukiona dalili hizo yamwage yote. Kuongezea mapya juu ya machakavu, desturi ninayoiona kila mahali, ni kuyaharibu mapya tu.

Mumeo asiache dawa alizopewa kwa sababu ya makala haya. Lehemu ya juu hutokana pia na urithi, na sigara, na unene, na daktari wake ndiye anayeijua hali yake.

SWALI: Mshauri, ninaishi Muscat, wazee wangu wako Unguja. Kila ninapokwenda huwapelekea makopo ya biskuti. Safari hii binti yangu ameniambia niangalie transi, nami nikaona imeandikwa 0. Je, hilo linatosha? Na ni kweli kwamba Oman imeyapiga marufuku mafuta haya?

JIBU: Ndugu yangu, inategemea sufuri hiyo imeandikwa chini ya sheria ya nchi gani. Marekani, iliyoanza kulazimisha kiwango cha transi kitajwe kwenye vyakula mwaka 2006, iliruhusu kuandika 0 iwapo kipimo kimoja cha kuliwa kina chini ya nusu gramu. Kipimo kimoja cha biskuti kinaweza kuwa vipande viwili au vitatu, nani huishia hapo na chai ya jioni? Mtu aliyekula vipimo vinne vya "sufuri" kama hizo angeweza kuwa amekaribia gramu 2, na hicho karibu ndicho kikomo cha siku nzima. Kwa hiyo orodha ya viambato, tuliyoitaja kwa dada wa Tanga, huaminika zaidi kuliko tarakimu.

Kuhusu Oman, ndiyo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliipa Oman, pamoja na Austria, Norway na Singapore, cheti cha kutambua kwamba imeweka sheria ya kuyaondoa mafuta haya na inaisimamia. Saudi Arabia ilikuwa miongoni mwa nchi 5 za kwanza kupewa cheti hicho mwaka 2024. Biskuti unazonunua katika maduka ya Muscat leo zina hali nzuri kuliko zilivyokuwa miaka 15 iliyopita, na hilo halikutokana na wanunuzi kuwa waangalifu zaidi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu tumezoea kumtwisha mlaji mzigo wote. Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuchukua njia nyingine: mwaka 2003 ilipitisha sheria kwamba katika kila gramu 100 za mafuta yaliyomo katika chakula, transi ya kiwandani isizidi gramu 2. Viwanda vikabadilisha mapishi yake, keki zikaendelea kuuzwa, na mnunuzi hakulazimika kusoma chochote. Jiji la New York lilipiga kura mwaka 2006 kuzuia transi katika migahawa, na wilaya nyingine kadhaa za jimbo hilo zikafuata. Watafiti walipolinganisha baadaye wilaya zilizozuia na zisizozuia, waliona kwamba miaka 3 au zaidi baada ya katazo, waliolazwa hospitali kwa mshtuko wa moyo na kiharusi walikuwa pungufu kwa asilimia 6.2 katika zile zilizozuia.

Marekani kama taifa ilichelewa sana. Mwanasayansi Fred Kummerow wa Chuo Kikuu cha Illinois alichapisha mwaka 1957, pamoja na wenzake, habari za transi waliyoikuta katika miili ya watu waliofariki. Miongo ikapita. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 94, aliiandikia Mamlaka ya Chakula na Dawa akitaka mafuta hayo yaondolewe. Alipoona kimya, mwaka 2013 aliishitaki mahakamani. Mamlaka ilitoa uamuzi mwaka 2015 kwamba mafuta yaliyogandishwa nusunusu hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama, na muda waliopewa watengenezaji ulianza kufikia ukomo mwaka 2018. Mzee Kummerow alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 102.

Wapelekee wazee biskuti zako, kopo moja badala ya matatu. Sukari yake sijaigusa hapa, na mzee mwenye kisukari haokolewi na kukosekana kwa transi.

SWALI: Nipo Kigoma. Mama mkwe huyachoma mawese sufuriani mpaka wekundu uishe kabla ya kupika, akisema wekundu ndio wenye sumu ya moyo. Je, ni kweli? Na maziwa nayo yana transi?

JIBU: Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na moto huo mkali ndio unaoiteketeza. Kwa moyo, kinachohesabika katika mawese ni yale mafuta mazito, na hayo hubaki palepale hata rangi ikiisha. Maziwa na nyama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo vina transi kidogo inayotengenezwa na vijidudu vya tumboni mwa mnyama, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 5 ya mafuta ya maziwa. Kwa mtu anayekunywa kikombe kimoja au viwili kwa siku kiasi hicho ni kidogo, na sheria nilizozitaja hazikulenga hayo. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba akitaka kuulinda moyo wa familia apunguze kijiko anachotia kwenye samaki wa mgebuka, na rangi aiache.