Kabla ya bajeti, fungua kabati: jibu kwa dada mwenye kipato cha kubahatisha

Dada uliyeuliza, pole, na nimekuelewa. Umesema kipato cha mume wako siku hizi ni cha kubahatisha, leo kipo kesho hakipo. Watoto wanakua, madeni madogo madogo yanajikusanya, na umefika mahali unajiuliza kama uache kutoa sadaka mpaka hali itengemae. Ukaongeza kwamba kila mkizungumzia pesa na baba watoto, mnaishia kununiana. Nimelea watoto kwa kipato cha vibarua kwa kipindi kirefu, kwa hiyo nitakujibu kama ninavyomjibu mdogo wangu, tena kwa kirefu.

Wengi watakuambia uanze na bajeti. Mimi nakuambia uanze na kabati. Bajeti hugawa pesa, na kilio chako ni kwamba pesa za kugawa hazionekani. Ukikaa na karatasi tupu na kalamu siku ambayo hamna kitu, utaamka hapo umevunjika moyo zaidi ya ulivyokaa.

Kuna habari ya yule mama mjane katika 2 Wafalme sura ya 4. Mumewe amekufa, mdai yuko njiani kuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Nabii hamuulizi anadaiwa kiasi gani wala na nani. Anamuuliza ana nini nyumbani. Mama anajibu kwanza kwamba hana kitu, ndipo anataja chupa ya mafuta. Nimeisoma habari hii mara nyingi nikiwa na shida, na kila mara nasimama hapo hapo. Sote tukibanwa tunajibu hivyo: sina kitu. Kumbe kipo, ila kimesukumwa nyuma ya rafu.

Basi chagua siku moja, toa kila kitu stoo na jikoni, ukiweke mezani. Nafaka, unga, chumvi, viungo, mafuta, vipande vya sabuni, mishumaa, dawa za watoto. Soma tarehe. Andika kwenye daftari kilichopo na takriban kitatosha kwa siku ngapi. Kisha fanya hivyo kwenye nguo, mashuka, viatu na vyombo. Ukimaliza, panga milo kutokana na orodha hiyo, na cha kununua kiwe kile tu kinachokosekana ili milo hiyo ikamilike. Hapo hata swali la kila siku la jikoni linabadilika. Huamki tena ukiuliza leo tule nini. Unauliza kipi kitaharibika kwanza, na hicho ndicho kinachopikwa.

Bajeti inakuja baadaye, na kwa kipato cha kubahatisha ina kanuni yake. Usiipange kwa wastani. Angalia miezi iliyopita, chukua ule uliokuwa mbaya kuliko yote, na matumizi ya lazima yaingie ndani ya kiasi hicho: chakula, makazi, nishati ya kupikia, nauli ya kwenda kazini, mahitaji ya shule. Mwezi mzuri ukija, ile ziada usiipandishie maisha. Inalipa deni, na inayobaki inausubiri mwezi mbaya, maana utakuja. Wenye mshahara wa uhakika hawalioni hili, ndiyo maana ushauri wao mara nyingi hautufai sisi.

Kuhusu deni, mafuta ya yule mama yalipoongezeka, Elisha alimwambia ayauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia. Mpangilio huo ninauheshimu sana. Usikope kwa huyu umlipe yule. Andika majina ya wote wanaokudai, hata yale unayoona aibu kuyaandika, na uende kwa kila mmoja kabla hajakufuata. Mwambie kiasi kidogo unachoweza kukitimiza kweli. Mdai anayepokea kidogo kila mara anakuwa mpole kuliko aliyeahidiwa kikubwa akakikosa. Na deni dogo kuliko yote limalize mapema, ufute jina hilo kwenye daftari mbele ya mume wako, mpumue pamoja.

Sasa sadaka. Nitasema ninavyoamini. Usiache kutoa, punguza. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, wala si kwa kadiri ya asicho nacho. Toa kidogo kilicho chako kweli. Usipokuwa na pesa, toa mikono: kaa na mgonjwa, mfulie mama aliyejifungua, fagia nyumba ya ibada. Wako watakaokuambia ukope utoe ili ubarikiwe, na hao sikubaliani nao hata kidogo. Pesa ya mdai si yako ya kutolea sadaka. Lakini nyumba ambayo imeacha kutoa kabisa, nimeona inavyojikunja. Watu wanaanza kuhesabiana vijiko vya sukari, mgeni akibisha hodi wanaangaliana. Kubana matumizi ni wema. Ubahili unaanza pale unapomwogopa kila anayeweza kuhitaji kitu kwako.

Nije jikoni, maana ndiko akiba inakoonekana haraka.

Maharage na jamii yake yote hula nishati nyingi, kwa hiyo yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Yale mekundu makubwa yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka sawasawa, hivyo yachemke kwa nguvu, maji yakirukaruka, kwa dakika kumi au zaidi, kabla ya kupunguza moto. Moto mdogo tangu mwanzo hauiui sumu hiyo. Baada ya hapo mimi hufunika sufuria kwa mfuniko unaobana, naifunga ndani ya blanketi zito na kuitumbukiza kwenye sanduku lililojazwa vitambaa pande zote, chini na juu. Chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe bila kuunguza chochote. Sufuria iwe imejaa, kwa sababu sufuria nusu inapoa upesi. Usiifunue kuchungulia. Ukiifungua, rudisha motoni kichemke tena ndipo ule.

Viporo ni akiba, ila vina masharti. Yesu alipokwisha kuwalisha watu wale elfu tano, kwenye Yohana 6 aliwaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Aliyeweza kuzidisha mikate hakuona aibu kuokota vipande. Nami nakusanya, lakini kwa wakati. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kigawe kwenye vyombo visivyo na kina ili kipoe haraka, kisha friji. Wali hasa usiuache sufuriani mpaka asubuhi, kwa kuwa kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kupikwa, na vikizaliana kwenye wali uliokaa hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Unapopasha, pasha mara moja tu, mvuke utoke mpaka katikati. Usipokuwa na friji, pika kinachoisha. Mtoto akiharisha, akiba ya wiki nzima inaishia kwenye dawa.

Kununua kwa jumla ni vizuri kwa vitu vikavu na kama una vyombo vinavyofunga. Lakini pima familia yako. Waisraeli jangwani waliambiwa kila mtu aokote mana kadiri ya ulaji wake, na waliolimbikiza mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu. Gunia lililoingia wadudu ni pesa iliyotupwa hata kama ulilipata kwa bei ndogo. Ukiwa na friza, weka unga ndani siku tatu au nne kabla ya kuuhifadhi. Baridi kali inaua mayai ya wadudu.

Usafi nitausema kwa ufupi. Sabuni ya kufulia ipimwe. Ikizidi inadai maji mengi ya kusuuza na nguo zinakakamaa. Doa la damu huloweshwa kwa maji ya baridi, kwani ya moto yanalikaza. Siki hutoa ukoko mweupe ndani ya birika, na magadi soda husugua masizi ya sufuria, ila tumia kila kimoja kivyake, maana ukivichanganya vinamalizana nguvu. Na usichanganye kamwe dawa ya klorini na siki wala na kisafishio chenye amonia. Hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu.

Nguo ndizo zinazonipa furaha kuliko yote. Shati la mume wangu la kazini huanza kuchakaa kwenye kola, pale inapokunjwa shingoni, huku mwili wake ukiwa mzima. Kabla ya kulitupa, geuza kola. Chukua wembe mdogo au kifumulio, fumua taratibu ule mshono mmoja unaoshikilia kola kwenye mkanda wa shingo, kile kipande chembamba kinachozunguka shingo, usiukate mkanda wenyewe. Kola ikitoka, utaona mikunjo na vumbi la uzi ndani; piga brashi, piga pasi. Tia alama katikati ya kola na katikati ya mkanda kwa pini. Sasa igeuze, upande uliochakaa uwe chini ambako hauonekani, linganisha alama mbili, shikiza kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, ndipo ushone juu ya mstari ule ule wa zamani. Shati linarudi kazini. Kola zenye mfuko wa vijiti vya kuzinyoosha ncha upande wa chini zinaonyesha mishono ukizigeuza, hivyo zichunguze kwanza.

Shuka nalo hutoboka katikati tunapolalia, kingo zikabaki ngumu. Likate kwa urefu katikati, chukua zile kingo mbili nzima uziunganishe ziwe katikati mpya, kisha kata sehemu iliyokwisha pembeni na upinde. Litakuwa jembamba kidogo, na litalaliwa miaka mingine. Sare za watoto nikizishona au kuzinunua nachagua zenye pindo pana, ili mtoto akirefuka nifumue niteremshe.

Kama huna mashine ya kushonea, azima. Elisha alimtuma yule mama kwa majirani zake wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Mjane mwenye deni aligonga milango ya watu. Wengi wetu tunaficha shida mpaka inatuzidi, kwa kuogopa kusemwa. Azima mashine, rudisha ikiwa safi na imetiwa mafuta, na jirani akihitaji kitu chako, kiende bila kinyongo.

Watoto wako usiwafiche kila kitu. Yule mama alijifungia ndani na wanawe, wao wakawa wanamsogezea vyombo naye anamimina. Wale ndio waliokuwa karibu kuchukuliwa utumwani, na mikono yao ndiyo iliyoshika vyombo. Watoto hawahitaji kujua majina ya wadai, lakini wanaweza kujua kwamba mwezi huu tunabana, na kila mmoja apewe chombo chake cha kushika: mmoja azime taa, mwingine apange viporo, mkubwa asaidie hesabu ya daftari. Mtoto anayeshiriki haombi hovyo, na haoni aibu kuvaa nguo aliyoiona ikishonwa.

Na hili la kununiana na mwenzako. Usimpokee mlangoni na orodha ya madeni. Mwanamume aliyetoka mikono mitupu tayari amejihukumu njiani. Mpe maji, mpe chakula kilichopo, umwache apumzike. Kubalianeni siku na saa moja ya wiki ya kufungua daftari, na nje ya saa hiyo pesa isizungumzwe ila kwa dharura. Sisi huanza na sala fupi, mmoja wetu akishukuru kwa sauti kwa kitu kimoja mahususi, kwa sababu ni vigumu kumfokea mtu ambaye mmetoka kusema amina pamoja. Kisha yeye anasoma kilichoingia, mimi nasoma kilichotoka. Asiyesoma hakatizi.

Kwenye daftari letu, pembeni ya mapato na matumizi, kuna safu ya tatu: tulichopewa. Viatu vya mtoto vilivyotoka kwa shangazi yake. Mboga kutoka kwa jirani. Kazi iliyopatikana siku ambayo hatukuitegemea. Mwanzoni mume wangu aliona ni kujifariji. Siku hizi ndiye anayenikumbusha kuijaza, na watoto wakiomba daftari huenda moja kwa moja kwenye safu hiyo. Imani yangu mimi imelelewa na kurasa zile kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, maana naweza kuweka kidole kwenye mstari na kusema siku hii tulikuwa hatuna, na hiki hapa kilikuja.

Anza na kabati wiki hii, daftari lifuate. Ukiwa na shati la kugeuza kola na mkanda ukakusumbua, niambie ni wa aina gani, nitakueleza pa kuanzia kufumua.