Msimfunge Mtoto Mikono

Juzi mama mmoja ameniandikia: "Habari za leo, mwalimu. Mwanangu yuko darasa la nne. Shuleni anakatazwa kuchezesha mikono akijibu hesabu, eti ni utovu wa nidhamu. Nifanyeje?" Ujumbe umenikuta jikoni. Nikazima jiko, nikakaa.

Maana mtoto huyo ni mimi. Nikiwa darasa la nne nilisimamishwa mbele nieleze hesabu za sehemu. Nikaanza kulikata chungwa hewani kwa kiganja: nusu, tena nusu, robo hii hapa. Mwalimu akanikatiza, "Mikono nyuma! Hapa si ngomani." Nikaiweka nyuma, na jibu likapotea palepale. Darasa likacheka, fimbo mbili zikafuata. Mpaka leo nikisikia "mikono nyuma" tumbo linanisokota.

Sasa nami ni mwalimu wa hesabu, nafundisha twisheni jioni barazani kwangu. Wiki iliyopita nilimpa binti mmoja hii: 3 + 4 + 5 = __ + 5. Akaandika 12. Wengi hukosea hapo; wanajumlisha upande wa kushoto, ile 5 ya kulia hawaioni. Sikumweleza kitu. Nilimwambia aweke vidole viwili chini ya 3 na 4, halafu aguse pengo kwa kidole kimoja. Akafanya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaganda, vidole bado viko kwenye karatasi, midomo inamcheza. "Mwalimu, ni saba!" Nilitamani yule mwalimu wangu angekuwepo aone.

Mbinu hiyo sikuibuni mimi. Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago ameitafiti na wenzake kwa miaka mingi. Utafiti wao wa mwaka 2008 ulionesha kuwa watoto waliojifunza hesabu za namna hii kwa kutumia mikono walikuwa bado wanazikumbuka wiki 4 baadaye, kuliko waliotamka maneno matupu. Kabla ya hapo, mwaka 1998, yeye na Jana Iverson walikuta kwamba hata watu waliozaliwa vipofu huchezesha mikono wanapozungumza na kipofu mwenzao. Hakuna anayeona, lakini mikono inakwenda. Hata wewe ukimwelekeza mtu njia kwa simu, unakata kona kwa mkono ukiwa peke yako chumbani. Mkono unakusaidia kufikiri.

Kwa hiyo wazazi na walimu wenzangu, acheni mikono ya watoto. Anayehesabu kwa vidole asiitwe mjinga. Nawe mtu mzima unayesomea mtihani, funga daftari, simama, jieleze mada kwa sauti huku mikono ikichora.

Nawe mama, kesho nenda shuleni. Nenda kwa adabu, lakini nenda. Na usiku wa leo mwambie mwanao akufundishe hesabu moja, mikono ikiwa huru. Itazame hiyo mikono kabla hujasikiliza jibu.