Kusali Gizani Wakati wa Kwaresima

Ndugu yangu, umeeleza kwamba tangu Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, yaani majira ya kufunga kabla ya Pasaka, umefunga na kusali bila kukosa, lakini moyo umebaki mkavu, na unauliza kama imani yako imekufa. Kwa maoni yangu haijafa, kwa kuwa aliyekufa kiimani hasumbuliwi na ukimya wa Mungu.

Ningekushauri usome Zaburi ya 88, polepole na kwa sauti. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa, ila hii humalizikia gizani, mwombaji akiwa ametengwa na rafiki zake. Hata hivyo imehifadhiwa miongoni mwa sala za waamini, na mtu huyo, pamoja na uchungu wake wote, anaianza kwa kumwita Bwana kuwa Mungu wa wokovu wake. Isali hivyo hivyo, bila kujilazimisha kuhisi furaha usiyo nayo.

Kuhusu kufunga, punguza ukali ikiwa unadhoofika (wengi hujitesa bure hapa). Kwa hesabu iliyozoeleka, Jumapili hazimo katika zile siku 40 za Kwaresima, kwa sababu kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko. Basi siku hiyo pumzika. Ikiwezekana, hudhuria mkesha wa Pasaka, ambapo mshumaa mmoja huwashwa kwa moto mpya, ukaingizwa katika kanisa lenye giza, kisha waamini wakapokezana mwanga wake. Na iwapo huzuni imekunyima usingizi au hamu ya kuishi, usingoje Pasaka: mwone daktari mapema, na umweleze pia padri au mchungaji wako.