"Sijali" niliyoijutia mpaka Manda Toto

Kiingereza nilichotoka nacho shule kilikuwa cha orodha: neno moja, maana moja. "Care" ni kujali, "remember" ni kukumbuka, "know" ni kujua (au kuyua, kwa sisi Waamu). Nilipoanza kubeba wageni kwa mashua kutoka Shela, huku Lamu, ndipo nikajua orodha ile ilikuwa na matundu.

Asubuhi moja tukielekea kisiwa cha Manda Toto, mama mmoja Mwingereza alifungua chupa ya chai, akaniuliza nataka chai au kahawa. Mimi kwa adabu zangu zote, nikimaanisha chochote utakachonipa nitashukuru, nikajibu: "I don't care." Mkono ukasita na kikombe hewani. Chai nilipewa, lakini mazungumzo yaliisha hapo. Nilichokitaka kilikuwa "I don't mind", yaani kwangu mimi vyote sawa. Nilichosema kilikuwa karibu na "shauri yako".

Neno hilohilo ukiliongezea mkia linageuka. "She cares for her mother" mara nyingi ni anamtunza: anampikia, anampeleka hospitali. "She cares about her mother" ni anamjali, hata akiwa mbali na hajatuma senti. Ukiulizwa "Would you care for some tea?" hapo hakuna kutunza wala kujali, unakaribishwa chai tu. Na mgeni akishuka gatini akakwambia "Take care", usigeuke kuangalia kuna hatari gani. Mimi niligeuka.

Kukumbuka nako kuna mtego. Usiku mmoja mashua ilikatika ikaelea, na mwenye kuikodi akaniuliza kama niliifunga. "I remember tying it" ingemwambia kwamba naiona kamba mkononi mwangu hadi sasa. "I remembered to tie it" ni sikusahau, niliifunga. Sisi tunasema "nakumbuka nilivyoifunga" na "nilikumbuka kuifunga", kwa hiyo tofauti tunayo, ila tukifika kwenye Kiingereza tunaiacha pwani. Halafu ukimwandikia rafiki "I remember you" ukimaanisha nimekukumbuka mno, atasoma kwamba hujamsahau sura, basi. Hapo sema "I miss you".

Kujua sitakusumbua nako sana: "I know him" ni mtu mnayejuana, "I know of him" ni umesikia habari zake tu. Na tunachokijua kwa ghibu, kama sura za Kurani za chuoni, wao wanakijua "by heart".

Siku hizi daftari langu halina neno lililokaa peke yake. Naandika sentensi nzima, na pembeni nani aliisema na tulikuwa wapi.

Yule mama mwenye chai, kwa kweli, aliniandikia baadaye, na mwisho wa barua akaweka: "Remember me to your mother." Nikamfasiria mama yangu kwamba mgeni anaomba akumbukwe. Mama akashangaa: "Nimkumbukeje na sikumuona?" Ilipita miaka miwili kabla sijajua zilikuwa salamu. Nilipomwambia, mama aliacha kukuna nazi, akasema mwambie zimefika.